Namna ya Kupima Haki ya Unafuu wa Kodi Anaouomba Mwendelezaji wa Mji: Mwongozo kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mjumbe wa serikali ya mtaa, diwani, au mkazi wa kawaida wa Mtwara Mikindani au Lindi ambaye siku moja atajikuta ameketi kikaoni, na mbele yake kuna ombi la mwendelezaji anayetaka kujenga hoteli, maduka au nyumba za kupangisha, naye anasema kwamba hawezi kuanza kazi mpaka apunguziwe kodi au gharama fulani. Vikao vya namna hiyo huwa na sauti mbili. Ya kwanza husema mgeni njoo mwenyeji apone, na ya pili husema kwamba tajiri anabebwa tena. Zote mbili huweza kuzungumza saa nzima bila kugusa hesabu, na ombi hupita au hukataliwa kutegemea nani alizungumza mwisho.

Binafsi sipingi unafuu. Miji yetu miwili ina bahari, bandari, gesi na korosho, lakini pia ina viwanja vingi vilivyopimwa miaka mingi iliyopita ambavyo hadi leo vinaota magugu, na ni haki yake kutafuta watu wa kuvijenga. Ninachosisitiza ni kwamba fedha ambayo mwendelezaji ameachiwa haitoweki. Barabara ya kufika kwenye jengo lake itachongwa, mtaro utazibuliwa, taka zitazolewa, na gharama hizo zitabebwa na mtu mwingine. Haki ya unafuu wowote hupimwa kwa kumtafuta huyo mtu mwingine na kuuliza amepata nini kwa mzigo aliobebeshwa.

Anza kwa kutambua unafuu wenyewe uko wapi

Kosa la kwanza, na nililitenda mwenyewe, ni kudhani kwamba unafuu wa mwendelezaji uko kwenye kodi ya majengo kwa sababu ndilo jina tunalolijua. Katika mkutano mmoja niliwahi kusimama na kupinga kwa ukali mwekezaji fulani kusamehewa kodi hiyo, mpaka ofisa mmoja aliyekaa karibu nami aliponionyesha hesabu kwenye kipande cha karatasi. Niliketi taratibu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kodi ya majengo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na misamaha yake imepangwa na sheria, si na baraza la madiwani. Zamani halmashauri za miji zilikuwa zikitoza kodi hiyo kwa asilimia ya thamani ya jengo kama ilivyokadiriwa na mthamini, lakini sasa tunalipa kiwango kisichobadilika, na tangu Agosti 2021 kiwango hicho hukatwa kidogo kidogo tunaponunua umeme wa LUKU. Kilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mjini. Mwaka 2023 kilipandishwa kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu.

Sasa tuchukue mfano wa kufikirika wa hoteli ya sakafu tano inayotaka kujengwa Shangani. Sakafu tano mara shilingi 90,000 ni shilingi 450,000 kwa mwaka. Hata ikisamehewa kwa miaka kumi mfululizo, jumla ni shilingi milioni nne na nusu. Hakuna mtu duniani anayeacha au kuanza kujenga hoteli ya mabilioni kwa sababu ya fedha hiyo, ambayo haitoshi hata vigae vya sakafu moja. Kwa hiyo ukisikia mwendelezaji anazungumzia kodi ya majengo peke yake, ama hajapiga hesabu, ama anataka macho yenu yabaki hapo wakati jambo lenyewe liko kwingine.

Kwingine huko ni kwenye ardhi kwanza. Endelea na mfano wetu, na uchukulie kwamba kiwanja cha hoteli kina mita za mraba 4,000 na kinatoka mikononi mwa halmashauri. Ikiwa bei inayolipwa na watu wengine katika eneo hilo ni shilingi 20,000 kwa mita ya mraba, na mwendelezaji akauziwa kwa shilingi 5,000 kwa hoja kwamba anachangamsha mji, ameachiwa shilingi 15,000 kwa kila mita, ambazo jumla yake ni shilingi milioni 60. Hizo ni zaidi ya mara kumi na tatu ya kodi ya majengo ya miaka kumi, na zimetoka kwa siku moja, mara nyingi bila neno «msamaha» kuandikwa popote. Bei nimezibuni kwa ajili ya hesabu, lakini unaweza kuweka bei halisi za mtaa wako na njia ya kuhesabu itabaki ileile.

Baada ya bei ya kiwanja kuna kodi ya pango la ardhi, inayolipwa kila mwaka kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kulingana na ukubwa wa kiwanja na matumizi yake. Hapa ni matumizi yaliyoandikwa kwenye hati ambayo huweza kugeuka kuwa unafuu wa kimyakimya, kwa kuwa kiwanja kilichosajiliwa kuwa cha makazi hutozwa tofauti na cha biashara, na nyumba ya wageni inayoendeshwa juu ya hati ya makazi inafaidi tofauti hiyo kila mwaka bila kuomba chochote. Kuna vilevile ushuru wa huduma, ambao ni mapato ya ndani ya halmashauri yanayotokana na mauzo ghafi ya biashara. Ada za vibali vya ujenzi. Na, kwa mradi ulioandikishwa katika maeneo maalumu ya kiuchumi, sheria za maeneo hayo zimekuwa zikitoa nafuu pana ya kodi kwa kipindi cha miaka kumi, zikiwemo zile za serikali za mitaa. Mtwara ina eneo huru la bandari la aina hiyo, kwa hiyo swali hili si la mbali kwetu.

Mwisho kuna miundombinu. Mwendelezaji akiahidiwa kwamba barabara, bomba la maji na taa za barabarani zitafikishwa hadi getini kwake kwa fedha za umma kabla ya mitaa iliyokuwa ikisubiri zamu, ahadi hiyo ni unafuu wenye bei. Omba makisio yake na uyaweke kwenye hesabu pamoja na mengine yote. Ukimaliza hatua hii uwe na karatasi moja yenye safu za bei ya ardhi, pango, ushuru, ada na miundombinu, na mbele ya kila moja kuwe na kiasi kinachoachwa kwa mwaka na kwa kipindi chote. Bila karatasi hiyo, kila kitakachofuata kitakuwa maneno matupu.

Linganisha na mtu wa kawaida aliye jirani

Wachumi huzungumzia haki ya kodi kwa namna mbili, na zote zinaeleweka bila chaki wala ubao. Ya kwanza ni kwamba watu walio katika hali sawa walipe sawa. Ya pili ni kwamba mwenye uwezo mkubwa zaidi alipe zaidi. Kiwango kisichobadilika cha kodi ya majengo kinayumba katika zote mbili hata kabla mwendelezaji hajafungua mdomo, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu naamini ndipo penye jambo kubwa kuliko misamaha yote inayobishaniwa.

Nyumba ya vyumba vinne huko Magomeni au Chikongola, ya matofali ya kuchoma, inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka. Jengo la sakafu moja lililoko ufukweni, lenye bwawa la kuogelea na vyumba vinavyolaza wageni kwa bei ambayo mkazi wa Chikongola huipata kwa wiki mbili za kazi, nalo ni jengo la kawaida lisilo na ghorofa. Sheria inahesabu sakafu, haihesabu thamani. Upande wa pili, mtu aliyejikusanya kwa misimu mitano ya korosho akaongeza sakafu ya pili juu ya nyumba yake ili awapangishe walimu, anaruka kutoka shilingi 18,000 hadi shilingi 180,000 kwa mwaka. Ukilitazama hivyo utaona kwamba mfumo wenyewe unampa nafuu anayetandaza jengo kwenye ardhi ya gharama na kumtoza anayejenga kwenda juu, wakati mipango miji yetu inahubiri kinyume chake.

Jambo hilo lina sababu zake, na si haki kulisema bila kuzitaja. Uthamini wa kila jengo ni kazi ghali, wathamini ni wachache, na daftari la uthamini lisilohuishwa huwa la dhuluma baada ya miaka michache. Kiwango kisichobadilika kinaeleweka na kila mtu, kinakusanywa kwa urahisi, na kinafunga mlango wa majadiliano ya pembeni kati ya mwenye nyumba na mtoza kodi. Pia sheria imewaweka kando watu ambao haingekuwa busara kuwatoza, kama mzee wa miaka 60 na kuendelea au mtu mwenye ulemavu kwa nyumba moja anayoishi, na nyumba za udongo au za kuezekwa kwa nyasi. Lakini urahisi huo una gharama, na gharama hiyo ndiyo unafuu ambao mwenye jengo la thamani kubwa anaupata bila barua ya maombi.

Kuna tatizo la pili ambalo kila mpangaji analifahamu. Makato ya LUKU humfuata anayenunua umeme. Ilielezwa tangu mwanzo kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba ili fedha hiyo ifidiwe katika kodi ya pango, lakini mwenye chumba kimoja cha kupanga huko Rahaleo, anayenunua umeme wa shilingi 2,000 na kukuta shilingi 1,500 zimekwenda, hana nguvu ya kudai fidia kwa mtu anayeweza kumwambia ahame mwisho wa mwezi. Kwa hiyo unapolinganisha mwendelezaji na jirani, usimlinganishe na mwenye nyumba tu. Mlinganishe na mpangaji, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mlipaji halisi.

Katika mfano wetu, hoteli ya sakafu tano ikilipa shilingi 450,000 inalingana na nyumba 25 za kawaida. Swali la kuuliza kikaoni ni hili: je, hoteli hiyo itatumia barabara, mitaro na dampo sawa na nyumba 25, au zaidi? Kama ni zaidi, basi hata ikilipa kodi yake yote bado inabebwa na mtaa, na kuiongezea nafuu nyingine kunahitaji sababu nzito.

Uliza kama angejenga hata bila unafuu

Unafuu wa haki ni ule unaonunua kitu ambacho kisingekuwepo. Ikiwa mwendelezaji angejenga hivyo hivyo, mji umemlipa kwa jambo ambalo alikuwa tayari kulifanya bure. Hatua hii ni ngumu kuliko zote kwa sababu mwenye jibu ni yeye, na hana sababu ya kukuambia kwamba angejenga. Mchumi wa Marekani Timothy Bartik, aliyepitia tafiti nyingi kuhusu vivutio wanavyopewa wawekezaji nchini mwake, alikadiria mwaka 2018 kwamba vivutio hivyo huamua kweli mahali pa kuwekeza kwa kati ya asilimia 2 na 25 tu ya kampuni zinazovipokea. Hata tukichukua kikomo cha juu, kampuni tatu kati ya nne zingefanya uamuzi uleule. Takwimu hizo ni za huko na hazihamishiki moja kwa moja kuja Mikindani, lakini zinatosha kumtia mtu tahadhari.

Kwa kuwa huwezi kuingia moyoni mwa mtu, tazama dalili. Je, kiwanja amekwisha kukinunua kabla ya kuomba? Je, amekwisha kuweka uzio au kuchimba msingi? Anayeomba unafuu huku saruji imekauka hahitaji kushawishiwa. Je, biashara yake inategemea kitu kilichoko hapa peke yake? Mwenye ghala la kuhudumia bandari ya Mtwara hawezi kulihamishia Dodoma, na anayetaka hoteli ya kuwalaza watakaokuja kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi unaopangwa Likong'o hawezi kuijenga Songea. Watu kama hao wanavutwa na mahali penyewe. Kwa upande mwingine, kiwanda kidogo cha samani au nyumba za bei nafuu za kupangisha zinaweza kujengwa mji wowote, na faida yake ni nyembamba, hivyo huko unafuu mdogo unaweza kweli kugeuza uamuzi.

Tukumbuke pia yaliyotokea hapa wakati wa matarajio makubwa ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015. Bei za viwanja na za nyumba za kupanga Mtwara zilipanda haraka, watu wakajenga nyumba za wageni kwa mikopo ya benki, na hakuna aliyehitaji kubembelezwa kwa unafuu wa kodi. Kisha wageni wengi waliotarajiwa hawakukaa, vyumba vikabaki vitupu. Kilichowaleta wajenzi ni soko na kilichowaondoa ni soko, na kodi ya majengo haikuwa na neno katika lolote kati ya hayo mawili.

Omba mchanganuo wa mradi wenye mapato yanayotarajiwa mara mbili, yaani pamoja na unafuu na bila unafuu. Mwendelezaji aliyekwenda benki anao tayari, kwa sababu benki haitoi mkopo bila kuuona. Akisema hana, au akisema ni siri ya biashara, mjulishe kwa heshima kwamba fedha inayoombwa ni ya umma na anayeomba ya umma huonyesha hesabu.

Tazama kitakachobaki mradi ukifa

Kusini tuna somo letu wenyewe. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha hapa mpango mkubwa wa kulima karanga, na kwa ajili yake ikaanzishwa bandari ya Mtwara yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango wa karanga ulianguka. Reli, iliyokuwa na maana kwa ajili ya mradi huo, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na leo imebaki kuwa jina la kata ya Reli. Bandari haikufa, kwa kuwa iliweza kumhudumia mtu yeyote mwenye mzigo, na hadi leo korosho na saruji hupitia pale.

Tumia kipimo hicho kwa kila ombi. Fedha ya umma inayoweka mtaro wa maji ya mvua katika bonde linalofurika, au barabara inayopita mbele ya hoteli na kuendelea hadi shuleni, itabaki na wenyeji hata hoteli ikifungwa. Punguzo la bei ya kiwanja halibaki na mtu isipokuwa mwenye hati, ambaye anaweza kukiuza kesho kwa bei ya soko na kuondoka na tofauti yote. Kwa maoni yangu, kama mji ni lazima utoe kitu, utoe cha kwanza na uwe mgumu sana katika cha pili.

Weka sharti, muda na adhabu kwenye maandishi

Wenyewe tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sijaona sheria ya vivutio iliyolieleza jambo hili vizuri zaidi. Unafuu usio na siku ya mwisho hugeuka kuwa haki ya kudumu, na watetezi wake huongezeka kila mwaka.

Mfano mzuri wa hatari hiyo uko New York. Mwaka 1971, mji huo ulipokuwa ukikimbiwa na wakazi na ujenzi ukizorota, ulianzishwa msamaha wa kodi ya majengo kwa nyumba mpya za makazi, uliojulikana kwa namba ya kifungu chake, 421-a. Wakati huo ulikuwa na mantiki. Lakini hali ilibadilika, New York ikawa miongoni mwa miji yenye ardhi ghali kabisa, na msamaha ukaendelea kuhuishwa kwa sura mbalimbali hadi ulipokoma Juni 2022, mwaka ambao kodi iliyoachwa ilikadiriwa kuwa dola bilioni 1.77. Mwaka 2024 ukaanzishwa mwingine wa kuurithi. Kuna jambo jingine la kujifunza humo. Waendelezaji walitakiwa kutenga baadhi ya nyumba kwa bei nafuu, lakini chaguo mojawapo lililotumiwa sana liliruhusu «nafuu» hiyo ipangwe kwa kaya yenye kipato cha hadi asilimia 130 ya kipato cha kati cha eneo zima, kiasi kwamba katika mitaa ya watu maskini nyumba za nafuu zilikuwa ghali kuliko walichoweza kulipa majirani.

Kwa hiyo, mwendelezaji akiahidi nyumba za bei nafuu Lindi, usiandike neno «nafuu» likabaki peke yake. Andika kiasi cha pango kwa mwezi kwa shilingi, andika ni nyumba ngapi kati ya zote, andika zitabaki kwa bei hiyo kwa miaka mingapi, na chukua kipimo cha kipato kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi au mchuuzi wa samaki wa soko la hapo. Akiahidi ajira, andika idadi, na utenganishe kazi za miezi ya ujenzi na kazi zitakazobaki baada ya jengo kufunguliwa, kwa kuwa hoja nyingi nilizozisikia huchanganya mbili hizo katika namba moja.

Kuhusu muda, Philadelphia ilitoa njia inayofaa kuigwa kwa umbo lake. Mji huo ulikuwa ukisamehe kodi ya jengo jipya la makazi kwa miaka kumi mizima, kisha kwa vibali vya kuanzia mwaka 2022 ukabadilisha utaratibu ili msamaha ushuke kwa asilimia kumi kila mwaka. Mwaka wa kwanza mwenye jengo anasamehewa yote, wa pili asilimia 90, na kuendelea hivyo. Faida yake ni kwamba mwendelezaji anasaidiwa zaidi miaka ambayo jengo bado halijapata wateja, na hakuna siku moja ambapo anatoka kwenye sifuri na kudaiwa yote, siku ambayo ndiyo huleta maombi ya kuongezewa muda.

Adhabu nayo iandikwe. Hati zetu za ardhi zina masharti ya uendelezaji, kwa kawaida yakitaka ujenzi ukamilike ndani ya miezi 36, na kuvunjwa kwake ni sababu ya kufutiwa hati. Tatizo ni kwamba kufuta hati ni mchakato mrefu unaopanda hadi juu kabisa, na kila mtu anaweza kukuonyesha kiwanja kilichokaa miaka mingi mno bila hata tofali moja. Ni afadhali mkataba useme kwamba punguzo la bei ni deni linalofutika kwa sehemu kila mwaka sharti linapotimizwa, na kwamba mwenye hati akiuza kabla ya muda, sehemu iliyobaki inalipwa kwa halmashauri kabla ya uhamisho kuidhinishwa. Hapo halmashauri haihitaji kumfukuza mtu, inasubiri tu aje kuomba saini.

Jihadhari pia na misamaha ya jumla ya riba kwa wadaiwa sugu, kama ule wa riba za malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi uliotolewa kuanzia mwaka 2022. Uliwasaidia wajane na warithi wengi waliolemewa, na hilo ni jema. Lakini ulimnufaisha zaidi aliyekuwa na viwanja vingi na deni kubwa kuliko aliyejibana akalipa kwa wakati, na mwendelezaji aliyezoea misamaha hiyo huanza kuihesabu kama sehemu ya mtaji.

Waite watakaoguswa kabla ya kupiga kura

Hatua hii ni fupi lakini huachwa mara nyingi. Waiteni wenye nyumba za wageni zilizopo, ambao hawakupata unafuu na sasa watashindana na aliyeupata. Waiteni mama lishe na wachuuzi walioko pembezoni mwa kiwanja. Waiteni vijana na wanawake wenye vikundi, kwa sababu asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo yao, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na kila shilingi milioni kumi ya ushuru wa huduma inayoachwa inapunguza shilingi milioni moja kwenye mfuko huo. Ukiwaeleza kwa namna hiyo, mjadala hubadilika.

Pata nyaraka, na uzitunze

Ombi linalohusu ardhi na majengo hupita kwenye kamati ya baraza inayoshughulikia mipango miji, kisha kwenye kamati ya fedha, kabla ya kufika kwenye baraza lenyewe, ambalo hukutana kila robo mwaka na ambalo mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria kama msikilizaji. Usisubiri kikao cha baraza, kwa kuwa hapo mengi yamekwisha kuamuliwa. Mfuate diwani wako wakati ombi likiwa bado kwenye kamati, na umpe karatasi yenye safu ulizoziandaa mwanzo, kwani diwani mwenye namba mkononi husikilizwa tofauti na diwani mwenye malalamiko.

Kama nyaraka zinanyimwa, andika barua rasmi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Taja waraka unaoutaka kwa jina lake: mkataba, muhtasari wa kikao, makisio ya bei ya kiwanja. Barua inayoomba «taarifa zote kuhusu mradi» hujibiwa kwa sentensi moja isiyo na kitu. Soma pia ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo mara kwa mara hutaja mapato ambayo halmashauri hazikukusanya. Marekani kanuni za kihasibu zilizotolewa mwaka 2015 ziliwataka wakuu wa miji waonyeshe ndani ya hesabu za mwaka ni kodi kiasi gani wameiacha kwa mikataba ya vivutio. Kwetu inawezekana kuanza kwa jambo dogo zaidi, kwamba tangazo la mapato na matumizi linalobandikwa kwenye ubao wa halmashauri liwe na mstari mmoja wa nyongeza wenye jumla ya nafuu zilizotolewa mwaka huo na majina ya miradi iliyozipata.

Baada ya uamuzi, tunza nakala tatu za mkataba na muhtasari: moja kwa mtendaji wa mtaa, moja kwa mtendaji wa kata, na moja nyumbani kwako. Unafuu wa miaka kumi uliotolewa mwaka 2026 utamalizika mwaka 2036, na kabla ya hapo utapita uchaguzi wa madiwani mara mbili, mwaka 2030 na 2035, na maofisa ardhi watahamishwa mara zisizohesabika. Kila Januari lichukue jalada hilo, uende kwenye jengo, uhesabu sakafu, uulize kiasi cha pango, uhesabu walioajiriwa, kisha uandike tarehe na ulichokiona chini ya ukurasa wa mwisho.